Saratani Inayorudi Palepale: Kisu, Hadubini na DFSP

Dematofibrosakoma protuberansi, ambayo madaktari huifupisha kuwa DFSP, ni saratani adimu ya ngozi. Nchini Marekani huwapata takribani watu 4 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka, na takwimu za huko zinaonyesha kwamba Weusi huipata zaidi kuliko Weupe. Darier na Ferrand waliieleza mwaka 1924, na mwaka uliofuata Hoffmann akaipa jina linalotumika hadi leo.

Haina haraka. Huanza kama kibonge kigumu kifuani, mgongoni au begani, kisichouma, na mgonjwa anaweza kukaa nacho miaka mingi. Katika ngozi nyeusi hufanana sana na keloidi, kwa hiyo wengi huishia kuchomwa sindano za steroidi badala ya kukatwa kinyama cha kupimwa. Kuua huua mara chache: miaka 10 baada ya kugunduliwa, takribani wagonjwa 99 kati ya 100 hawajafa kwa ugonjwa huu. Usumbufu wake ni kurudi. Unaondolewa leo, kovu linapona vizuri, kisha baada ya miaka miwili au mitatu kibonge kinaota tena palepale.

Sababu iko kwenye namna unavyokua. Kile kinachoonekana juu ya ngozi ni sehemu tu ya uvimbe. Chini yake seli za saratani hupenya kati ya nyuzi za kolajeni na kuingia kwenye mafuta, tena bila mpangilio: upande mmoja zinaweza kuishia milimita chache tu, upande wa pili zikafika sentimita kadhaa chini ya ngozi ambayo kwa macho na kwa mkono ni nzima kabisa. Daktari mpasuaji anayekata kwa kufuata kile anachokipapasa amekwisha kuacha mabaki. Ndiyo maana katika ripoti za zamani, wakati uvimbe ulipokatwa kwa ukingo mwembamba, ulirudi kwa nusu ya wagonjwa au hata zaidi.

Jibu la kwanza la wapasuaji lilikuwa kukata pana: sentimita 2 hadi 4 za ngozi nzima kuzunguka uvimbe, na kwa kina hadi kwenye utando unaofunika misuli. Matokeo yaliboreka sana. Lakini sentimita 3 mgongoni si sawa na sentimita 3 shavuni, na hata mgongoni upana peke yake hautoi uhakika. Maabara nyingi huikata nyama iliyotolewa slesi za wima, kama boflo, na mpatholojia huangalia slesi chache. Kwa njia hiyo anaona chini ya asilimia 1 ya ukingo wote. Ripoti ikisema ukingo ni safi, inazungumzia zile slesi tu.

Hapo ndipo mbinu ya Frederic Mohs, aliyeianza Wisconsin miaka ya 1930, ilipobadilisha hesabu. Nyama hutolewa kwa tabaka jembamba lenye umbo la bakuli, hupakwa rangi ili pande zisichanganywe, kisha hulazwa ili ukingo wake wote na kitako chake vionekane kwa pamoja chini ya hadubini. Zikionekana seli za saratani upande wa saa tatu, daktari anarudi kukata hapo tu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalikuta uvimbe ukirudi kwa takribani asilimia 1 ya waliotibiwa kwa Mohs, dhidi ya asilimia 6 hivi kwa waliokatwa kwa upana.

Tusikimbilie kushangilia. Tafiti hizo karibu zote zinatazama nyuma kwenye mafaili. Wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na muda wa kuwafuatilia haukuwa sawa, ilhali DFSP inaweza kurudi hata baada ya miaka 5. Hata hivyo, tofauti hiyo inaendana na tunachokijua kuhusu ukuaji wa uvimbe, nami naikubali.

DFSP pia huisumbua Mohs ya kawaida. Seli zake nyembamba, zikigandishwa kwa haraka kama Mohs ya kawaida inavyofanya, ni vigumu kuzitofautisha na seli za kovu. Kwa hiyo vituo kadhaa hutumia Mohs ya polepole: nyama huhifadhiwa kwa formalini na nta, hupakwa rangi ya kutambua alama ya CD34, na majibu husubiriwa siku kadhaa huku kidonda kikiwa kimefungwa bendeji. Mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji ikiwa bado kuna mabaki.

Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa kwa hospitali zetu. Mashine ya kugandisha nyama na mtaalamu wa Mohs ni vitu adimu, lakini nta, formalini na mpatholojia makini vinapatikana katika hospitali za rufaa. Kinachotakiwa ni mpasuaji na mpatholojia kukubaliana mapema kwamba ukingo wote utaangaliwa, na mpasuaji kuvumilia kutoziba kidonda hadi majibu yatoke. Kuhamisha ngozi ya jirani kufunika kidonda kabla ya majibu ni kosa baya: mabaki husogezwa mahali papya, na ramani yote ya ukingo inapotea. Kama lazima kifunikwe, kiraka chembamba cha ngozi kinatosha kwa muda.

Kwa uvimbe usioweza kukatwa au uliosambaa kuna dawa ya imatinibi, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hii mwaka 2006. Hufanya kazi kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya DFSP hubeba muungano wa jeni kati ya kromosomu 17 na 22 unaozichochea seli zikue bila kikomo. Dawa huziba mlango wa kichocheo hicho. Uvimbe usio na muungano huo haujibu vizuri, kwa hiyo kipimo cha jeni hutangulia dawa. Aina iliyogeuka kuwa kali zaidi ndiyo inayosambaa kwa urahisi, mara nyingi mapafuni, na mgonjwa wake anahitaji picha za kifua mara kwa mara.

Basi, msomaji, ukiwa na “keloidi” iliyoota bila jeraha, au inayozidi kukua licha ya sindano, omba ikatwe kinyama na kupimwa kabla ya sindano nyingine. Na ukishafanyiwa upasuaji, rudi kukaguliwa kovu kila baada ya miezi 6 hadi 12, hata kama halikusumbui.