Kufuta Bila Kuficha

Ramani ya enzi za Rais Mobutu inauweka mji wa Fungurume, nchini Kongo, katika mkoa wa Shaba. Ya kabla yake, na ya baada yake pia, inaandika Katanga. Tangu 2015 mkoa ni Lualaba, na makao yake makuu ni Kolwezi. Hata mgodi wa hapo umebadili mikono: mwaka 2016 Freeport-McMoRan ya Marekani iliiuzia China Molybdenum hisa zake za Tenke Fungurume kwa dola bilioni 2.65.

Mtengeneza kurasa za intaneti afanye nini na majina ya jana? Akiyafuta kabisa, mtu mwenye cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa Shaba atajikuta hana kwao. Akiyaacha yalivyo, anapotosha.

Dawa ilikuja Desemba 1997, HTML 4.0, toleo la lugha ya kuandikia kurasa za intaneti, ilipoleta tagi (alama) ya del ya kufuta na pacha wake ins ya kuingiza. (Mwaka uleule, jina la Zaire, ambalo Kongo ilipewa enzi za Mobutu, nalo lilifutwa.) Badiliko la jina hilo la 1971 lingeandikwa hivi:

<del datetime="1971-10-27">Kongo</del> <ins datetime="1971-10-27">Zaire</ins>

Kwa kawaida kivinjari hulikata neno la kwanza kwa mstari na kulipigia la pili mstari chini. Huo ni urembo tu. Uzuri hasa uko ndani: mashine inaelezwa kwamba neno liliondolewa, na siku gani, na sifa ya cite inaweza kuelekeza kwenye maelezo ya sababu. Tagi ya zamani ya strike ilijua kuchora mstari, basi, na HTML5 ikaiweka kando. Tagi ya s ilibakishwa kwa jambo lililopitwa na wakati, kama bei ya shaba ya wiki iliyopita. Kuitumia kwa marekebisho ya hati ni uvivu.

Adabu hii ni kongwe kuliko kompyuta. Sheria ya kiraia ya Napoléon ya 1804, iliyotumika pia Ubelgiji, iliyoitawala Kongo, ilitaka kila neno lililokatwa katika daftari za vizazi na vifo liidhinishwe kwa saini. Karani hakuruhusiwa kukwangua wino na kunyamaza.

Kasoro ipo. Programu nyingi zinazowasomea wasioona huipita del kimya, na msikilizaji husikia "Kongo Zaire" kana kwamba ni jina moja. Fundi makini huongeza neno "limeondolewa".

Wanaotunza kurasa za mikoa, shule na migodi ya Lualaba wayaache majina ya zamani yasomeke, na tarehe wasiisahau.