Kabla ya Kuiamini Mashine, Pumzi Zihesabiwe

Kichanga hapumui kama saa ya ukutani. Huenda mbio, akatua sekunde chache, kisha akaanza tena. Muuguzi wa Nyacheki, kule Bobasi, Kisii, akimtazama kifua kwa dakika nzima anaweza kupata pumzi 48, na dakika inayofuata 57. Hajakosea popote. Lakini Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwenye 60: mtoto wa chini ya miezi miwili akifika hapo, anapumua haraka mno.

Ugumu wa kuipima programu inayohesabu pumzi umo humo. Jibu sahihi lenyewe linayumba.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa Nairobi, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, inastahili kusomwa polepole. Watafiti, waliochapisha mpango wao mwaka 2020, walikuwa na vifaa viwili mkononi: EarlySense, bapa linalotiwa chini ya godoro, na Sibel, vibandiko laini vya mwilini. Hawakuvikimbilia. Kwanza waliipima mizani yenyewe, mashine ya Masimo Rad-97 inayosoma kaboni dayoksaidi anayoitoa mtoto. Watu wakahesabu pumzi kwa macho kwenye mchoro wa hewa hiyo, wakalinganisha na tarakimu za mashine. Kikomo cha mtawanyiko wa tofauti kiliwekwa asilimia 30 ya wastani. Kwa mtoto wa pumzi 50, huo ni upana wa pumzi 15. Ni mpana, ila pumzi za kichanga nazo ndivyo zilivyo.

Ventileta zinazojiendesha zinadai ukali zaidi, kwa kuwa hazisomi tu, zinatenda. IntelliVent-ASV ya kampuni ya Hamilton hurekebisha oksijeni yenyewe ikifuata kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu. Na kipimo hicho kina doa: utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, oksijeni halisi katika damu ya wagonjwa weusi 11.7 kati ya 100 ilikuwa chini ya asilimia 88. Kwa weupe walikuwa 3.6. Programu ikiamini tarakimu hiyo, itambania oksijeni anayeihitaji.

Cheti cha ng'ambo basi hakitoshi Kisii. Vipimo vya damu vichukuliwe kwa wagonjwa wa hapa, na vilio vya mashine vihesabiwe usiku, muuguzi akiwa peke yake wodini: vingapi vya kweli, vingapi vya bure, na ni mara ngapi mtoto alitua kupumua mashine ikanyamaza.