Mshono wa Katikati

Katika Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, ule upande unaotoka Mnazi Mmoja kuingia Kariakoo, kanga huuzwa kwa doti: vipande viwili vilivyoungana, havijakatwa, vina ukavu wa wanga wa kiwandani. Mteja akishalipa husogea hatua chache hadi barazani kwa fundi cherehani. Fundi hahitaji futi. Huitafuta ile nafasi iliyoachwa kati ya pindo mbili, hukata hapo kwa mkasi bila kusita, kisha hukunja ukingo mara mbili kwa kidole gumba na kuusukuma chini ya sindano huku mguu ukikanyaga. Ukingo wa pili, wa tatu. Kabla mteja hajamaliza kupiga soga na muuzaji, kanga zote mbili zimeshapindwa.

Kazi hiyo haimpatii fundi sifa yoyote. Wapo wapenzi wa mifarishi ya viraka, hasa Marekani na Uingereza, wanaosafiri maelfu ya kilomita kuangalia nguo za karne ya 19 zilizotundikwa kwenye kuta za makumbusho, wakihesabu mishono kwa lenzi. Mmoja wao akishuka kwenye pantoni pale Kivukoni na kuulizia nguo ya kuunga ya mji huu, wengi watamwambia haipo. Ipo, tena amepishana nayo njia nzima, imejitanda mabegani mwa wanawake waliokuwa naye kwenye pantoni.

Kwa simulizi inayojulikana zaidi, kanga ilianza kwa sindano. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za rangi zilizoletwa zikiwa hazijakatwa. Walichukua leso sita, wakakata tatu kwa tatu, wakaziunga ubavu kwa ubavu kwa mshono mrefu wa katikati, wakapata nguo pana ya kujifunga. Mtafiti MacKenzie Moon Ryan, aliyechimba kumbukumbu za viwanda vya Uholanzi, anatilia mkazo upande mwingine: wafanyabiashara na wachapaji wa Ulaya, waliokuwa wakiitengenezea Unguja kanga katika miaka ya 1880. Mabishano haya hayahitaji mshindi. Kiwanda kilichoko Ulaya hakiwezi kuota ndoto ya nguo ya Mswahili. Lazima kuna mtu aliyeonyesha anataka nini, na pengine alionyesha kwa uzi.

Kabla ya hapo palikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichokuja Unguja kwa meli za Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani, na huku ilivaliwa na watumwa wa pwani, au ikatiwa rangi ya nili ikawa kaniki. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Unguja mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo na kujifunga kanga. Maua, nukta na rangi vilikuwa tangazo la uhuru.

Sasa, kanga za wakati huo ziko wapi?

Nyingi zimekwisha, na zimekwisha kwa heshima. Kanga huanza maisha yake kwenye sherehe, ikashuka kuwa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikakatwa nepi, na mwisho ikawa tambara la kudekia. Hakuna nguo iliyotumika kikamilifu kuliko hiyo. Ndiyo maana mifano mingi ya zamani iko Helmond, Uholanzi, kwenye kumbukumbu za kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846 na Pieter Fentener van Vlissingen. Huko sampuli zimehifadhiwa rangi zikiwa kali. Zimedumu kwa sababu hazikuvaliwa. Ni hazina kwa mtafiti, lakini ukweli usemwe: kanga isiyowahi kufuliwa imekosa nusu ya habari zake.

Kinyume chake kinapatikana ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka, India. Huko wanaishi Wasiddi, ambao wazee wao walitoka Afrika, wengine wakiwa watumwa, wengine wanajeshi au mabaharia. Baadhi walitoroka Goa ya Wareno na kujificha msituni. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Chini hutandikwa sari kuukuu ya pamba. Juu yake hupangwa vipande vya nguo zilizochakaa, na mshonaji huanzia pembeni, akazunguka na kuzunguka kwa mishono midogo ya mkono hadi akutane na katikati. Kila pembe hushonewa kipande cha pembetatu kilichokunjwa, kiitwacho phula, yaani ua. Bila maua hayo mfarishi huhesabiwa kuwa uchi. Mwaka 2011 mifarishi hiyo ilionyeshwa katika kituo cha Schomburg, New York. Hakuna ushahidi kwamba ufundi wenyewe ulitoka pwani yetu, na si lazima uwepo. India nzima ina jadi za kuunga nguo kuukuu. Kinachovutia ni kwamba nguo iliyochoka, ambayo Kariakoo ingeishia kwenye ndoo ya kudekia, huko hupewa kazi ya kumfunika mtoto.

Hapa Dar es Salaam, uchapaji wa nyumbani ulipata nguvu Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na leo kanga nyingi za dukani zinatoka India. Michoro hubadilika kila msimu. Mmoja umegoma kubadilika: kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambacho bibi harusi wa pwani hupewa mpaka leo. Mwenye kutafuta kanga ya kale mjini asipoteze muda madukani. Aulize nyumba yenye bibi na sanduku. Akionyeshwa kisutu kilichopauka, aguse pindo, atazame ilivyopindwa kwa mkono au kwa cherehani, ashukuru, wala asiulize bei, maana cha harusi hakiuzwi.