Maktaba ya Kupigia Picha

Neno la leo litachoma kidogo, na litaanza kunichoma mimi mwenyewe.

Tulipochanga feza za kununulia vitabu shule moja ya hapa Lubumbashi, nilikuwa kati ya wale waliobeba makartoni. Ilikuwa tarehe 23 Aprili, siku ya kimataifa ya kitabu. Kulikuwa banderoli, nyimbo, dicte, mashindano ya kukariri mashairi, zawadi za kalamu na madaftari. Prefe alisema maneno mazuri, tukapiga picha, ukurasa huu ukajaa bravo. Nilirudi pale mwezi wa Novemba. Kartoni mbili zilikuwa hazijafunguliwa. Vitabu vingine vilipangwa vizuri nyuma ya kioo, kufuli juu yake, na ufunguo katika meza ya prefe. Nikamuuliza msichana mmoja wa sekondari kama amekwisha kusoma hata kimoja. Akacheka: “Yaya, bile bitabu ni bya bageni.”

Bya bageni! Na wageni wenyewe njo sisi.

Tunapenda kusema kwamba batoto ba leo hawapendi kusoma, simu imewaharibu. Mimi sikubali tena. Mtoto yule anasoma kutwa nzima kwenye simu ya dada yake: ujumbe, vichekesho, habari za mpira, maneno ya nyimbo. Kusoma anasoma. Ni kitabu chetu tu hatujamwacha akishike mkononi.

Sasa tuangalie ile tuliyoita programu ya ubunifu. Dicte ni nini? Ni mtihani. Kukariri shairi mbele ya wakubwa? Ni mtihani mwingine, tofauti ni kwamba huu una muziki. Waliopata zawadi ni wale wale wanaopata pointi nyingi darasani kila mwaka. Waliokaa nyuma walipiga makofi wakarudi nyumbani bila kugusa ukurasa mmoja. Na kesho yake hakukuwa kitu cha kufanya: hakuna saa ya kuingia maktabani, hakuna mtu wa kuazimisha, hakuna hata daftari la kuandikia majina. Tulifanya sherehe ya kitabu bila msomaji.

Hata hivyo tusimtupie prefe mawe. Yeye alitia sahihi, kitabu kikipotea ataulizwa yeye. Mtu wa kulipwa kwa kazi ya maktaba hana. Shule zetu nyingi zinagawanyika asubuhi na mchana, na tangu masomo ya msingi yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa zaidi. Chumba chochote kilicho wazi kinatafutiwa madawati. Ungekuwa wewe mahali pake, pengine ungefunga pia.

Ugonjwa huu si wa Congo peke yake. Ulaya ya zamani vitabu vya maktaba vilifungwa kwa minyororo, kwa hofu hii hii ya kuibiwa. Ranganathan, Muhindi aliyekuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuongoza maktaba ya chuo kikuu cha Madras, alitoa mwaka 1931 kitabu chake cha sheria 5 za maktaba. Ya kwanza ni hii: kitabu kipo ju ya kutumiwa. Inaonekana ni neno la mtoto mdogo, lakini njo sheria tuliyoivunja. Kitabu kilichochanika kwa kupita mikono 40 kimefanya kazi yake. Kilichozeeka nyuma ya kioo kingali safi, tumekitupa.

Basi ubunifu wa kweli ungekuwa nini? Mfano uko hapa hapa mjini. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, akiusimulia upande wa waliokuwa maboi na watumishi katika nyumba za wazungu. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili chetu, kile cha nyumbani. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikichapisha Ulaya pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na leo wasomi wa mbali wanakijadili. Katika makartoni yetu hakikuwemo. Hata kukifikiria hatukukifikiria.

Wanafunzi wanaweza kufanya kazi ya namna ile. Saa moja kwa juma, wanauliza wazee wa Kenya, Katuba au Kamalondo: avenue hii ilianzaje, nani alikuja kutafuta kazi, soko lilikuwa wapi. Wanaandika, mwalimu anasahihisha pamoja nao, wanashona kurasa kwa uzi, wanatia namba, kijitabu kinapanda kwenye rafu na kuazimwa kama vingine. Mtoto akijua jina lake liko mle, atarudi, na atamleta rafiki.

Najua wengine watasema Kiswahili hicho si bora, na kwamba finalisti anahitaji Kifaransa cha mtihani wa Serikali. Ni kweli anakihitaji. Lakini aliyezoea kupanga habari, kufuta na kuandika tena, hataogopa karatasi nyeupe siku ile. Aliyezoea kukariri tu, ataogopa.

Ombi langu ni hili. Kabla ya mchango mwingine, tukae na shule tukubaliane: ufunguo ushikwe na mwalimu mmoja na wanafunzi 2, daftari la kuazima lifunguliwe, rafu moja iachwe wazi kwa maandishi ya wanafunzi, na sisi tubebe hasara ya vitabu vitakavyopotea, prefe asidaiwe. Wasipokubali, feza tuzishike kwanza. Na mwakani mtu asituonyeshe picha ya kartoni hapa. Atuonyeshe lile daftari, tuhesabu majina.