Holmes wa Jeremy Brett, 1984 hadi 1994

Wapenzi wa Sherlock Holmes wamezoea kuigawa mafungu mawili kazi ya Jeremy Brett. Fungu la mwanzo, lililoanza kuonyeshwa na Granada ya Uingereza mwaka 1984, hulisifu. La mwisho, lililokoma mwaka 1994, hulionea huruma. Lakini huruma si uhakiki.

Holmes wa 1984 ni mwembamba kama upanga. Hutembea kwa pupa, hujitupa kitini, na kicheko chake hukatika ghafla, mfano wa mshororo ulionyimwa kina. Mikono ndiyo ifikirio, maneno huifuata. Uhodari ni mwingi, na pengine umepita kiasi: huonekana mwigizaji akijifurahisha kwa ustadi wake mwenyewe.

Mwaka 1985 mkewe, Joan Wilson, alifariki dunia. Kisha Brett akazidiwa na maradhi ya akili yampandishayo mtu furaha na kumtosa katika huzuni. Dawa ya lithiamu ikamnenepesha, na moyo wake, ulioumwa tangu ujana, haukustahimili.

Katika *The Devil's Foot* ya 1988, Holmes anaifukia sindano yake ya kokeini mchangani, ufuoni Cornwall. Tendo hilo halimo katika hadithi ya Arthur Conan Doyle. Liliongezwa kwa ridhaa ya binti wa mwandishi. Brett halitii mbwembwe. Na baadaye, sumu inapomtia ruya, anamwita Watson kwa jina lake la kwanza, John, yeye ambaye miaka yote hakumwita ila kwa jina la ukoo. Neno moja tu, nalo lina uzito kuliko vicheko vyote vya 1984.

Si kila cha mwisho ni chema. *The Mazarin Stone* ya 1994 haina mtetezi: ugonjwa ulimwondoa Brett, na Charles Gray, aliyeigiza Mycroft, kaka yake Holmes, akaubeba mzigo. Ila *The Cardboard Box*, ya mwaka huohuo, haistahili kutiwa kapu moja nayo. Pale Holmes anauliza dhiki na ukatili huu wa wanadamu una maana gani. Kijana wa 1984 angaliliuliza swali hilo kwa madaha. Huyu, mzito wa mwili, sauti imeshuka, anauliza kama atakaye kujibiwa, na Watson wa Edward Hardwicke hana jibu. Ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Brett alifariki Septemba 1995, akiwa na miaka 61.