Skrini Mdomoni mwa Banda

Mliopita maonesho ya Sabasaba safari hii mmeliona lile banda la kona lenye skrini ya LED ya mita 3 kwa 2, iliyosimamishwa ukingoni kabisa, uso ukitazama njia ya wapitaji. Jina sitalitaja. Skrini ile ilikaa pabaya, na kosa hilo moja liliharibu kazi nyingine yote.

Hesabu yake nyepesi. Skrini ilikuwa P4, pikseli zake zimeachana milimita 4, na mafundi wana kanuni yao: kila milimita, mita moja ya umbali. Mtazamaji basi asisogee chini ya mita 4. Njia mbele ya banda lile haikuzidi mita 3. Aliyesimama njiani aliona vitone, na aliyetaka sura kamili alirudi nyuma mpaka akaingia kwa jirani. Njia ikazibwa. Wahudumu nao walikuwa ndani, nyuma ya skrini, na meza na vipeperushi vyao, hakuna anayewaona. Aliyevutwa na picha hakuona pa kuingilia, akaenda zake. Kilichokodiwa kiite wateja kiligeuka ukuta wa kuwazuia.

Banda lenyewe lilikuwa na kina cha mita 6! Skrini ingefungwa ukuta wa nyuma, ukingo wa chini ukinyanyuliwa kama mita 1.7 ili vichwa visikinge, basi mahali pazuri pa kutazamia pangekuwa mita 2 ndani ya banda, mbele ya mhudumu, na picha ingeonekana mpaka njiani.

Kisha spika. Mbili kubwa za jukwaani, usawa wa kiuno, zikielekea nje. Mahali pa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Wa mita 1 anapigwa desibeli 12 zaidi ya wa mita 4. Fundi alipandisha sauti ili wa mbali asikie, wa karibu wakaziba masikio, jirani naye akapandisha ya kwake. Nimelipigia kelele jambo hili miaka nenda miaka rudi na sitachoka: maonesho ya biashara si tamasha, na mshereheshaji anayefoka siku nzima anafukuza wateja. Spika nne ndogo zikining'inia juu ya vichwa, zikitazama chini, zingetosha kabisa, na mhudumu angeweza kuzungumza na mtu bila kupasua koo.

Taa zilikuwa safi, na nyaya zilifunikwa vizuri.

Waliotangulia walilijua hili la kupanga picha na sauti, bila LED. Moscow, mwaka 1959, wabunifu wa Marekani Charles na Ray Eames walitundika skrini 7 juu ya umati ndani ya kuba la msanifu Buckminster Fuller, wakapitisha picha zaidi ya 2,000 kwa muda wa kama dakika 12. Umati ulisimama, na hakuna aliyemkinga mwenzake, kwa sababu picha zilikuwa juu. Mwaka mmoja kabla, kwenye maonesho ya Brussels, banda la kampuni ya Philips lililosanifiwa na Le Corbusier pamoja na Xenakis liliingiza watu mlango mmoja na kuwatolea mwingine, onesho la dakika 8 likiwa katikati, na mamia ya spika yakiwa yametapakaa kutani. Pale jengo, sauti na miguu ya watu vilipangwa pamoja tangu mchoro wa kwanza. Hapa kwetu skrini hufika na lori usiku wa kuamkia ufunguzi, ndipo watu waulizane iwekwe wapi.

Mwenye banda, mwakani chora sakafu kwanza. Weka alama mteja atasimama wapi, kisha mhudumu, kisha skrini, mwisho spika. Na fundi atakayekutajia bei kabla hajauliza vipimo vya banda na upana wa njia, mwache, tafuta mwingine.