Mkono Upimao kwa Pembe

Wazee wa pwani walipopima nguo kwa shubiri, dhiraa na pima, kipimo chao kilikuwa mwili wa mpimaji mwenyewe. Na ala tunayoichambua leo, yaani mkono wa kupimia wenye viungo, ambao fundi huubeba hadi penye kazi pasipo haja ya kuipeleka kazi penye mashine, imefuata mwili huohuo kwa njia ya hisabati. Homer Eaton wa Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1976, alikusudia kupima mabomba yaliyopindwa, ambayo rula haiyawezi.

Ukifumba macho ukagusa pua yako hukosei, kwani bega, kiwiko na kifundo hukupa habari ya mikunjo yao, na urefu wa mifupa yako waujua tangu utotoni. Ala hii nayo ina viungo sita au saba, na ndani ya kila kimoja mna kisahani cha kioo chenye maelfu ya mistari, kinachozunguka mbele ya mwanga huku jicho la umeme likihesabu mistari ipitayo, hata pembe ikajulikana. Ndipo kompyuta, iliyokwisha kuhifadhi urefu wa kila kipande, huanza hesabu shinani na kuifuatisha kiungo kwa kiungo mpaka kwenye tufe dogo la yakuti nyekundu liligusalo chuma.

Basi ala hii haipimi urefu, hupima pembe. Na kosa la begani ni zito kuliko la kifundoni. Sekunde moja ya pembe, yaani sehemu moja katika 3,600 ya digrii, ikipotea begani, ncha iliyo umbali wa mita 2 huhama takriban milimita 0.01. Joto nalo ni hasimu: mita moja ya alumini hurefuka milimita 0.023 kwa kila digrii ya Selsiasi, na kwa sababu hiyo mikono mingi hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hazitanuki sana.

Kwa hiyo, ewe fundi, kabla ya kazi funga shina imara, tia tufe katika kishimo chenye umbo la pia, kisha pandisha na kushusha kiwiko pasi na ncha kuondoka mahali pake: majibu yakitofautiana kupita kiwango cha mtengenezaji, usipime kitu siku hiyo.